Simu ya mkononi yaingia darasani chuo kikuu

Vyuo vikuu vingi, kuanzia London hadi Kampala, hutoa sehemu ya mafunzo yake kwa njia ya mtandao, na wanafunzi wengi huyafuata kwa simu za mkononi. Hata hivyo, manufaa ya simu hiyo hutegemea zaidi namna somo lilivyoandaliwa kuliko ubora wa simu yenyewe.

Mfano mmoja unapatikana Stanmore, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London, palipo na Hospitali ya Kifalme ya Kitaifa ya Mifupa. Katika eneo la hospitali hiyo, chuo kikuu cha UCL hufundisha masomo ya uzamili yanayohusu mifupa, viungo na misuli.

Majengo makuu ya chuo hicho yako katikati ya jiji, umbali wa kilomita zipatazo 17. UCL imetumia kwa miaka mingi mfumo wa Moodle, ambamo mhadhiri huweka mihadhara, picha na maswali, na mwanafunzi hurejesha kazi zake humo humo. Shahada ya uzamili katika fani hiyo imewahi pia kutolewa kwa wanafunzi wa masafa, wasiolazimika kuishi London.

Kuna mambo ambayo simu huyamudu. Picha ya eksirei ya goti yaweza kutazamwa mara nyingi, na mhadhara kusikilizwa tena. Lakini kulishika goti la mgonjwa na kutambua kano iliyolegea ni ujuzi wa mikono, na huo hupatikana mbele ya mgonjwa na mwalimu.

Mtandao unapokatika

Mawasiliano hukatika hata London. Treni ya njia ya Jubilee itokayo Stanmore huingia chini ya ardhi karibu na kituo cha Finchley Road, na kabla ya Machi 2020 mtandao wa simu haukupatikana ndani ya mahandaki ya njia hiyo.

Moodle ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas, raia wa Australia aliyekulia jangwani na kupata masomo yake ya utotoni kwa redio ya masafa mafupi. Programu ya simu ya mfumo huo humwezesha mwanafunzi kupakua somo mapema na kulisoma bila mtandao. Mhadhiri akiruhusu, hata maswali hujibiwa hivyo, na majibu kutumwa mawasiliano yanaporejea.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki, jambo hilo lina uzito mkubwa zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijengwa juu ya vitabu vya kujisomea na vituo vya mikoani. Intaneti ya eneo hilo ilitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa, hadi mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani mwaka 2009.

Machi 2020, Kenya, Uganda na Tanzania zilifunga vyuo vikuu kutokana na virusi vya corona. Tanzania ilivifungua tena Juni 1 mwaka huo. Nchini Uganda, wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio waliotangulia kurejea, mwezi Oktoba.

Chuo Kikuu cha Makerere tayari kilikuwa na mfumo wake wa MUELE, unaotumia Moodle. Lakini mwanafunzi aliyerudi kijijini alihitaji pia simu inayofaa, umeme wa kuichaji na fedha za kununulia kifurushi. Aliyekosa kimoja kati ya hivyo alibaki nyuma, hata kama alikuwa amelipa ada.

Sauti au picha?

Hapo ndipo uamuzi wa mhadhiri unapokuwa na athari. Video ya saa moja, ikirushwa kwa megabiti 1 kwa sekunde, hutumia megabaiti zipatazo 450. Sauti pekee ya mhadhara huo huo, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haizidi megabaiti 15. Maandishi yake hupungua zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mhadhiri anayetoa sauti na maandishi, kisha akaweka video fupi pale tu inapobidi kuonyesha jambo, huwafikia wanafunzi wengi zaidi. Ratiba inayomruhusu mwanafunzi kutuma kazi ndani ya siku kadhaa, badala ya saa moja iliyopangwa, humlinda yule ambaye umeme umemkatikia.

Linabaki suala la majibu. Mwanafunzi wa masafa anayeuliza swali asijibiwe kwa wiki kadhaa hana tofauti na aliyeachiwa kitabu peke yake. Vyuo vinavyopanua mafunzo ya mtandaoni hulazimika kutenga muda wa wahadhiri kwa kazi hiyo, kama vinavyotenga fedha za mitambo.