"Bado Najipanga": Pale Kujipanga Kunapogeuka Kungoja

Kuna jibu moja tunalolisikia sana tukizungumza na wateja wetu Kakamega, kuanzia sokoni mjini hadi Khayega na Malava. Ukimuuliza mtu mbona hajaanza kuweka akiba, au mbona kibanda chake bado hakipokei malipo ya simu, atakwambia: "Bado najipanga."

Kujipanga ni vizuri. Shida ni pale mwaka unapoisha na mtu bado anajipanga. Anangoja apate pesa ya maana ndipo aanze kuweka. Anangoja kibanda kipakwe rangi na bidhaa zijae ndipo aombe nambari ya till. Kila kitu lazima kikae sawa kwanza.

Huo si uvivu. Wengi wanaosema hivyo ni wachapakazi wa kuamka saa kumi alfajiri. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameeleza kwamba mtu anapoahirisha jambo, mara nyingi anakimbia hisia mbaya inayoletwa na jambo hilo. Ukiogopa kukosea au kuchekwa, kusema "kesho" hukupa afueni papo hapo. Gharama inakuja baadaye.

Gharama yenyewe tunaijua

Kila mwaka tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi za mwaka uliotangulia ni 30 Juni. Mlango huwa wazi tangu Januari, lakini saiba hujaa wiki ya mwisho. Ukichelewa, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea ipi ni kubwa. Hiyo ni faini hata kwa mtu ambaye hakuwa na kodi ya kulipa.

Usajili wa laini za simu mwaka 2022 ulikuwa vivyo hivyo. Tarehe ya mwisho ilikuwa 15 Aprili. Siku hizo zilipokaribia, watu walipanga milolongo mirefu juani, hadi Mamlaka ya Mawasiliano ikasongeza tarehe hiyo hadi 15 Oktoba. Lakini si kila tarehe husongezwa. Mvua ya Machi haiongezi muda.

Hata pesa kwa simu haikuanza ikiwa kamili

Mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa na wateja wachache wa Faulu Kenya, na lengo lilikuwa kuwarahisishia kulipa mikopo midogo. Wateja wenyewe wakaanza kuitumia kutumiana pesa, na hesabu za mikopo zikawa ngumu kulinganisha. Waliokuwa wakiiunda hawakukaa wakingoja sehemu hiyo ya mikopo inyooke. Waliiweka kando wakashika ile watu waliyoipenda.

Machi 2007 huduma ikafunguliwa nchini ikiwa na kazi chache tu: kuweka pesa, kutuma, kutoa na kununua muda wa maongezi. Akiba na mikopo ya M-Shwari ilikuja Novemba 2012. Kulipa dukani kwa Lipa na M-Pesa kukaja 2013. Kama wangengoja vyote viwe tayari, mzazi wa Shinyalu mwenye mtoto Nairobi angekaa miaka sita zaidi akitumiwa pesa kwa bahasha kupitia dereva wa basi.

Hesabu ya mkulima

Tuseme una shamba dogo la mahindi na unataka mbolea iwe nyumbani kabla ya mvua. Ukiweka shilingi 50 kila siku kuanzia 1 Julai hadi 31 Desemba, hizo ni siku 184, sawa na shilingi 9,200. Bei ya mbolea ya ruzuku ilishushwa mwaka 2023 hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa bei hiyo unapata mifuko mitatu na chenji ya usafiri.

Sasa tuseme mambo hayakwenda sawa. Mtoto aliugua, biashara ikalala, ukakosa siku 60 nzima. Bado una 6,200, yaani mifuko miwili.

Hapa ndipo anayetaka ukamilifu huanguka. Akikosa siku tatu, anaona mpango umeharibika. Anatoa yote, anasema ataanza upya mwezi ujao, "vizuri." Machi inamkuta bila hata mfuko mmoja. Siku tatu zilimkosesha 150 tu. Kilichommaliza ni kuacha.

Ukamilifu una mahali pake

Hatusemi ufanye mambo ovyo. Kuna makosa unayoweza kurekebisha kesho, na kuna mengine ambayo ni vigumu kuyarudisha nyuma. Ukianza na shilingi 20 badala ya 50, utaongeza baadaye. Ukiandika nambari ya till kwa kalamu kwenye kadibodi, bango zuri litakuja. Mteja atalipa tu.

Lakini pesa ikienda kwa nambari isiyo sahihi, na mwenye nambari ameshaitoa, kuirudisha ni shughuli. Hapo ndipo haraka haraka haina baraka. Soma jina linalojitokeza kabla hujathibitisha. Hesabu sufuri. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akijitambulisha kama mfanyakazi wetu.

Anza hivi

*Chagua kiasi kisichokutisha.* Kama 50 inakufanya usitesite, weka 20.

*Kifunge na kitu unachofanya tayari.* Mama mboga anaweza kuweka akifunga kibanda, na wa boda akimshusha abiria wa mwisho. Usingoje kukumbuka.

*Ukikosa siku, endelea na ya leo.* Usijidai deni la jana. Deni likirundikana ndilo hukufanya uache.

*Ipe akiba jina.* "Mbolea" au "karo" ni vigumu zaidi kugusa kuliko "akiba" tu.

Kwa hivyo leo, kabla hujaweka simu mfukoni, weka shilingi 20. Kiasi utakirekebisha wiki ijayo, ukishaona siku zako zinavyokwenda.