Mashindano ya Shule za Sekondari: Safari ya Timu Kutoka Kitswamba

Michezo ya ushindani ya sekondari nchini Uganda husimamiwa na chama cha michezo cha shule hizo, USSSA, kwa ushirikiano na Wizara ya Elimu na Michezo. Timu huanzia wilayani, ikishinda hupanda kanda, kisha taifa. Zinazofanya vizuri zaidi kitaifa huenda kwenye michezo ya FEASSSA, shirikisho la vyama vya michezo vya shule za sekondari Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2022 ilifanyika Arusha na mwaka 2023 Huye, Rwanda.

Kinachopanda ngazi hizo ni shule yenyewe. Tanzania ina utaratibu tofauti: katika UMISSETA, wachezaji bora wa shule mbalimbali huteuliwa kuunda timu ya mkoa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwa shule ndogo. Mshambuliaji hodari wa shule ya Kitswamba, wilayani Kasese, ambaye timu yake imetolewa wilayani msimu wake umekwisha, hata kama hakuna wa kumfikia katika wilaya nzima. Njia inayobaki ni kuhamia shule kubwa inayompa ufadhili wa karo. St. Mary's Kitende kwa soka la wavulana na Kawempe Muslim kwa wasichana zimejijengea sifa kwa kukusanya vipaji kutoka pande zote za nchi. Mwanafunzi hupata elimu na kocha, na hilo ni jambo jema. Lakini shule iliyomlea hubaki na pengo, na mwaka unaofuata huanza upya na vijana wa kidato cha kwanza.

Umbali nao huamua mengi. Kitswamba iko kwenye barabara ya Kasese kwenda Fort Portal, upande wa Hima, chini ya vilima vya Rwenzori. Wapinzani wa Bwera wako upande mwingine wa wilaya, karibu na mpaka wa Mpondwe, kilomita 50 hivi kutoka mjini Kasese. Kucheza ligi ya nyumbani na ugenini muhula mzima kungemaliza fedha za shule nyingi kwa nauli tu. Ndiyo sababu mashindano hubanwa katika siku chache kwenye kituo kimoja, timu zikilala madarasani na kucheza mfululizo katika joto la bonde la ufa. Mtindo huo ni nafuu kwa mfuko wa shule na mgumu kwa miguu ya vijana: aliyeumia kifundo cha mguu asubuhi hana wiki ya kupona, na kikosi chembamba huchoka kabla ya nusu fainali.

Sehemu yenye mabishano mengi ni uhalali wa wachezaji. Mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi halisi wa shule au aliyepita umri, huwanyima nafasi vijana waliofanya mazoezi mwaka mzima, kwa hiyo hati hukaguliwa. Matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, husaidia kumtambua mwanafunzi. Huko Bwera jambo hili lina ugumu wake. Mtoto aliyesoma msingi Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hana PLE; umri na masomo yake lazima vithibitishwe kwa hati za Kongo. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini uanachama huo haujafanya vyeti vya shule vifanane.

Juu ya Afrika Mashariki kuna mashindano ya shule ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma, Tanzania, waliyashinda Durban mwaka 2023, na zawadi ya bingwa ilikuwa dola 300,000 za Marekani.

Mashindano, hata hivyo, huwagusa wachache. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 uliifanya elimu ya viungo kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Kipindi hicho kikifundishwa uwanjani badala ya kumegwa kwa ajili ya hesabu, kocha wa Kitswamba huwaona wanafunzi wote wakikimbia kabla ya kuteua kikosi, wakiwemo wale ambao wasingejitokeza kamwe kwenye majaribio.