Maua mmeyachagua, biriani mmeionja: mlango wa dharura nani kauangalia?

Likizo ikikaribia tu, makundi ya WhatsApp ya familia zetu huanza kuchangamka. Harusi ya lini? Sare rangi gani? Ukumbi upi? Biriani anapika nani? Mikutano inafanyika kwa simu hadi usiku wa manane, maana mama wa bibi harusi yuko Muscat, shangazi yuko Unguja na mdogo wao yuko London. Kila jambo linajadiliwa, hata rangi ya vitambaa vya meza.

Katika mikutano yote hiyo niliyowahi kukaa, swali moja sijalisikia: likitokea la kutokea, watu watatokea wapi?

Na mimi sikuwahi kuliuliza, mpaka ilipofika harusi ya mpwa wangu huku Oman. Ukumbi ulijaa, wanawake na watoto watupu, kama ilivyo desturi yetu. Katikati ya shamrashamra umeme ukakatika. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele gizani. Mimi nikainuka kumtafuta mwanangu. Simu zetu zote zilikuwa zimekusanywa mlangoni kwa ajili ya sitara, kwa hiyo hata tochi hakuna. Mlango wa pembeni nilikuwa naujua, kwa sababu asubuhi yake nilikuja kusaidia kupanga meza. Nikapapasa mpaka pale, nikakuta pazia, na nyuma ya pazia fremu ya mbao ya jukwaa la bibi harusi. Mlango upo, lakini haufunguki.

Baada ya dakika chache umeme ukarudi, ngoma ikaendelea, watu wakala. Hakuna aliyeumia. Ila mimi nilikaa karibu na mlango mkubwa mpaka mwisho wa shughuli, mwanangu mapajani.

Kesho yake nikamweleza mama mkubwa. Akanikatiza: "Mwanangu, usituchurie. Harusini hayazungumzwi hayo."

Ndipo penye tatizo letu. Tunaona kwamba kuutaja moto ni kuualika.

Yaliyotokea kwa wenzetu

Tarehe 15 Agosti 2009, mjini Jahra, Kuwait, hema la wanawake na watoto liliwaka moto katikati ya harusi. Moto ule uliwashwa makusudi, kwa petroli. Lakini kilichofanya msiba uwe mkubwa kiasi kile ni hema lenyewe: kitambaa kinachoshika moto haraka, watu wengi ndani, na mlango mmoja tu wa kutokea. Hema likateketea kwa dakika chache. Waliokufa usiku ule walizidi 40, na idadi ikaendelea kupanda siku zilizofuata kwa majeruhi waliokuwa hospitali.

Tarehe 26 Septemba 2023, mji wa Qaraqosh, kaskazini mwa Iraq, fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi wakati maharusi wanacheza. Cheche zikashika mapambo ya juu, na jengo lenyewe lilikuwa na paneli zinazowaka kwa urahisi. Walikufa watu zaidi ya 100.

Hema la kina mama, mapambo ya kitambaa juu, fataki za kumpokea bibi harusi: hayo yote yamo katika harusi zetu. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni habari za wengine.

Anzeni na milango

Mnapokwenda kuutazama ukumbi, kabla ya kuuliza bei, hesabuni milango. Fungueni kila mmoja kwa mikono yenu, muone unapotokea. Mlango wenye kufuli, au uliozibwa na viti, usihesabiwe. Mpambaji aambiwe mapema, na iandikwe kwenye mkataba wake, kwamba jukwaa na mapazia havizibi mlango. Siku yenyewe, mtu apite tena kuangalia baada ya mpambaji kumaliza, si kabla.

Muulizeni mwenye ukumbi idadi ya watu inayoruhusiwa, kisha muiheshimu. Sisi tunajijua. Kadi zimetoka 300, lakini kila aliyealikwa anakuja na watoto, dada na jirani, mara ukumbi una watu 450. Viti vinaongezwa kwenye njia, na njia ndiyo iliyokuwa ya kukimbilia. Kwenye mwaliko andikeni wazi idadi ya watu kwa kila kadi. Atakayenuna atanuna, mtapatana.

Simu, buibui na chetezo

Kukusanya simu ni haki ya bibi harusi na wageni wake. Lakini si busara ukumbi mzima wa wanawake ukae bila simu hata moja. Wachagueni watu wawili wanaoaminika wabaki na simu zenye chaji, na namba wazijue kwa kichwa. Oman ni 9999. Imarati, zimamoto ni 997 na ambulansi 998. Qatar ni 999, Kuwait 112. Kwa walioko Uingereza ni 999, Marekani 911.

Lipo pia jambo la buibui. Wengi huziacha chumba cha nje wakaingia na nguo zao za harusi. Likizuka jambo, mtu ataona haya kutoka kichwa wazi mbele ya wanaume, atarudi kutafuta buibui lake, na hapo ndipo moshi unapomkuta. Ni bora kila mtu akae na shela yake kitini, na wasimamizi waweke rundo la kanga au shuka karibu na kila mlango. Ni kitu kidogo, lakini kinamwondolea mwanamke sababu ya kusita.

Udi hatuachi. Ila chetezo chenye makaa kisizungushwe na watoto, wala kisipitishwe chini ya mapazia na nguo za shifoni. Kiwe na mtu wake mzima, na ndoo ya mchanga au maji iwe jirani. Fataki za ndani, hata zile zinazoitwa cheche baridi, mimi nasema ziachwe kabisa. Bibi harusi ataingia kwa vigelegele na atapendeza vilevile.

Biriani ya saa nane mchana

Linalotupata mara nyingi zaidi kuliko moto ni tumbo. Wali unapikwa saa nane mchana, wageni wanaambiwa saa mbili usiku, bibi harusi anaingia saa nne, chakula kinaliwa saa tano. Biriani imekaa saa tisa kwenye sufuria, inapoa polepole, na joto la Ghuba linajulikana. Kuna vijidudu vya wali ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Zikipata uvuguvugu zinachipuka na kutoa sumu, na kupasha moto tena hakuiondoi.

Kanuni ni rahisi: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, au kiliwe ndani ya saa mbili tangu kiepuliwe. Ikiwa ni nje na joto limepita nyuzi 32, basi saa moja tu. Mpangieni mpishi muda kwa kufuata saa ya kula, si saa ya kadi. Na yale masinia ya kufungiwa wageni warudi nayo nyumbani yatoke kwenye chakula kilichokaa moto, si makombo ya mezani.

Harusi ikiwa nyumbani Unguja

Wengi wetu tunakwenda kufungia Zanzibar. Huko turubai hufungwa uani au njiani, na vichochoro vya Mji Mkongwe gari la zimamoto halipiti kirahisi. Turubai liachwe wazi pande mbili angalau, na jiko liwe mbali nalo. Jenereta likae nje kabisa, mbali na madirisha. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu waliolala bila wao kushtuka. Kuliweka ukumbini au barazani kwa kuogopa mvua ni hatari.

Mmoja abebe jukumu

Haya yote yakiwa ya kila mtu, yatakuwa si ya mtu. Mama wa bibi harusi siku hiyo hana akili ya kitu kingine, mwacheni alie na kufurahi. Chagueni ndugu mmoja mtulivu, asiye kwenye msafara wa bibi harusi, na kazi yake iwe hiyo tu: milango, simu, watoto, chakula. Mpeni neno la mwisho, kiasi kwamba akisema muziki uzimwe, unazimwa.

Na huko si kuchuria. Tahadhari kabla ya athari. Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha bedui na ngamia wake: afunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Mama mkubwa hajawahi kunikubalia kwa mdomo. Lakini harusi iliyofuata ya ukoo wetu niliwahi ukumbini saa tisa alasiri, nikamkuta amesimama mbele ya mpambaji, mkono kiunoni. Habari za moto hakuzitaja. Alikuwa anasema tu: "Mlango wa watu huo, mwanangu. Lisogeze jukwaa lako."