Hita ya motere: kabla ya kuagiza ng'ambo, pima buji

Kila mwaka ikifika Juni swali ni lile lile. Mtu ana Hilux ya zamani, au Hiace, au Land Cruiser aliyoachiwa na baba, na asubuhi haiwaki. Ananifuata kwa sababu nilisomea elektromekanika: "Yaya, ninunue hita gani ya motere?" Nimekuwa nikijibu kwa maneno mawili matatu tu. Leo nijibu kwa urefu, maana mara ya kwanza nilipoulizwa swali hili nilijibu vibaya, na aliyelipa ni mama yangu.

Gari ya kwetu ni Hilux yenye motere 3L, silinda nne, lita 2.8, inakunywa mazuti. Mama anapakia unga na mboga saa kumi na moja asubuhi hapa Kikula, anaenda kuuza Kambove. Akichelewa, wateja wamekwisha kununua kwa wengine. Julai ile gari ikakataa siku nne mfululizo. Tulisukuma, watoto wa jirani wakasukuma, moshi mweupe ukajaa barabara nzima. Siku ya tatu jirani akaleta mbabula yenye makaa akaiweka chini ya karteri ili mafuta yapate moto. Motere iliwaka, ndiyo, lakini bomba moja la mpira nalo likaanza kuungua. Tulilizima kwa mchanga. Tafadhali, msifanye hivyo. Chini ya motere ya zamani hakukosi mafuta yanayovuja, na ukifanyia kazi hiyo ndani ya garaji iliyofungwa, hewa ya makaa inaua bila harufu.

Mimi, diploma bado mpya mkononi, nikasema: wenzetu wa Kanada wanatumia hita, na binamu yupo Edmonton. Mama akatoa dola 90 kwenye mtaji wake. Hita ikafika, wati 400, nzuri kabisa, imeandikwa volti 120. Nikaweka adapta ya plagi, nikachomeka ukutani.

Mwanafunzi wa umeme wa mwaka wa pili angeona kosa. Adapta inabadilisha umbo la meno tu, volti haigusi. Hita ya wati 400 kwa volti 120 ina ukinzani wa omu 36. Ukiipa volti 220 za kwetu, nguvu inakuwa 220 mara 220 kugawa kwa 36, yaani wati 1344 hivi. Zaidi ya mara tatu ya ilichotengenezewa. Usiku wa pili iliungua, na disjonktere ya nyumba ikaruka.

Tukampeleka papa mmoja mekanisiye mzee aje nyumbani. Hakufungua kitu kikubwa. Alitoa ile bare ya chuma inayounganisha buji, akachukua taa ndogo ya kupimia, akagusa buji moja moja. Tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Akaniangalia akacheka: "We injenieri, myaka tano ya masomo, na haukupima hata buji?" Buji nne mpya zilipungua bei ya ile hita, na asubuhi iliyofuata gari iliwaka mara ya kwanza.

Sasa sababu yake. Motere ya mazuti haina cheche kama ya esansi. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, halafu mazuti yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Zile 3L, na 1HZ ya Land Cruiser pia, zina chumba kidogo pembeni ya silinda ambamo mazuti yanaanza kuwakia. Asubuhi kuta za chumba hicho ni baridi, zinakula moto wa hewa iliyobanwa. Ndiyo maana mtengenezaji aliweka humo buji za preshofaje, vijiti vya chuma vinavyowekwa kwa umeme wa batri mpaka viwe vyekundu. Kwa maneno mengine, gari yako ilitoka kiwandani na hita yake. Unatafuta ya pili wakati ya kwanza imekufa.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havisemi sana, kwa sababu wengi wao hawaishi juu kama sisi. Likasi iko kwenye mita 1300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Pistoni ikivuta hewa pungufu, mbano unapungua na moto unapungua. Kwa hiyo gari ile ile iliyokuwa inawaka vizuri Dar es Salaam inaweza kukusumbua huku, hata kama baridi ya Juni na Julai kwetu si ya theluji.

Hita ya kuchomeka ukutani ilizaliwa kwa ajili ya baridi nyingine kabisa. Andrew Freeman wa North Dakota, Marekani, alipata hataza ya hita yake mwaka 1949. Ilikuwa bolti ya kichwa cha motere yenye waya wa moto ndani. Kule majira ya baridi yanashuka nyuzi 20, 30 chini ya sifuri. Mafuta yanakuwa kama asali, batri inakosa nguvu, hata mazuti yenyewe yanaganda. Kwetu asubuhi mbaya kabisa bado iko juu ya sifuri karibu siku zote. Tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kwa hiyo ukija kwangu leo, nitakuuliza kwanza moshi ni wa rangi gani. Stata ikizungusha motere kwa nguvu na moshi mweupe unatoka ukinuka mazuti mabichi, ujue mazuti yanaingia lakini hayawaki. Anza na buji. Ng'oa bare, weka multimeta kwenye omu. Buji nzima inaonyesha omu moja au chini yake, iliyokufa haionyeshi kitu. Halafu washa kontakti upime volti kwenye bare. Kama hakuna umeme, rele au fyuzi ndiyo mgonjwa, na ukinunua buji mpya umetupa pesa. Ukinunua, soma volti iliyochongwa kwenye mwili wa buji. Toyota ilitumia za volti tofauti, na buji ya volti 6 ukiiweka mahali pa 11 itaungua kama hita yangu ilivyoungua. Wauzaji sokoni wanakwambia "zote ni moja". Si moja.

Stata ikizunguka kwa uvivu, huo ni ugonjwa mwingine: batri, nyaya zenye kutu, au mafuta mazito. Wengi wetu tunamwaga SAE 40 mwaka mzima kwa sababu motere ni mzee. Jaribu 15W-40 wakati wa baridi. Ile W na namba yake vinaeleza mafuta yanavyotembea yakiwa baridi, na pale ndipo stata inapopumua. Na kama unanunua mazuti ya bidoni kando ya barabara, mwaga maji kwenye filtre kabla ya kulaumu kitu kingine.

Etha ya kopo, ile dawa ya kupuliza kwenye hewa, iache. Ikikutana na buji nyekundu inalipuka kabla ya wakati wake, na ringi za pistoni ndizo zinazovunjika. Nimeona motere moja iliyofunguliwa baada ya mazoea hayo, ringi zimekuwa vipande vipande.

Buji ni nzima, batri nzima, mafuta mepesi, na bado moshi mweupe? Pima kompresio. Hapo hita itakusaidia kuwaka, sikatai, kwa sababu motere yenye maji ya moto inaanza hata ikiwa imechoka. Lakini utakuwa unaficha ugonjwa wa ringi au valvu, na mwakani utalipa mara mbili.

Je, hakuna anayehitaji hita huku? Yupo. Jenereta ya dharura ya hospitali, kwa mfano, inatakiwa ipokee mzigo ndani ya sekunde chache, kwa hiyo hata nchi za joto zinaiwekea hita ya maji inayokaa imewashwa. Na lori la zamani ambalo ndilo chakula cha familia, linaondoka saa tisa usiku kwenda Kolwezi, wakati mwenyewe anakusanya pesa za kufungua motere, naweza kumwelewa.

Huyo nitamwambia hivi. Chukua ya volti 220 iliyoandikwa hivyo kiwandani, ile inayozama kwenye maji ya kupozea. Ya kubandika chini ya karteri inapasha mafuta, stata inafurahi, lakini chumba cha kuwakia kinabaki baridi. Wati 500 kwa saa mbili tatu zinatosha kwa baridi yetu, usiiache usiku kucha. Waya uwe mnene, wenye ardhi. Na ujiulize umeme wa mtaa wako unakuwepo saa ngapi. Hita inayotegemea umeme unaokatika saa nane usiku itakuacha na motere baridi alfajiri, siku ile ile uliyoitegemea. Zile zinazochoma mazuti zenyewe, za Webasto au Eberspächer, hazihitaji ukuta, ila bei yake na batri inayoitaka vitakufanya urudi kwenye buji.

Hita yangu iliyoungua bado iko kwenye rafu ya jikoni. Mama hataki itupwe. Mgeni akija na kuuliza mtoto wake alisomea nini, anaishusha na kuionyesha.