Tusiwacheke wanaochonga roboti za plastiki

Majuzi mwenzangu mmoja tunayefunza naye katika idara moja aliingia ofisini mwangu kutafuta karatasi za mitihani. Kabla hajaketi, macho yake yalivutwa na rafu iliyo juu ya kabati la vitabu. Hapo palisimama roboti ya plastiki, rangi yake kijani, kimo chake hakizidi kalamu, yenye jicho moja, nayo ikivuta mkokoteni. "Daktari," akaniuliza kwa mshangao, "hivi wewe na mvi zako hizo bado unachezea vitu vya watoto?" Nilicheka naye, tukaendelea na mambo ya mitihani. Hata hivyo, swali lake limenikaa moyoni, nami naomba nafasi katika ukurasa huu nilijibu, kwa kuwa naona linawahusu walimu na wanafunzi pengine zaidi ya linavyonihusu mimi.

Roboti hiyo inaitwa Zaku. Ni mmojawapo wa mitambo ya kivita iliyobuniwa kwa ajili ya filamu ya katuni ya Kijapani iitwayo Mobile Suit Gundam, ambayo ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni mwezi wa Aprili 1979. Mwelekezi wake alikuwa Yoshiyuki Tomino, na aliyeichora mitambo yenyewe ni Kunio Okawara. Kabla ya hapo, aghalabu roboti katika katuni za Kijapani ilikuwa shujaa wa aina yake, ya pekee na isiyoshindika, mfano wa majitu ya ngano zetu. Mabwana hawa waliigeuza ikawa chombo kama kifaru cha jeshi: chaundwa kiwandani kwa mamia, chaishiwa na risasi, chavunjika mguu, na fundi hukesha akikitengeneza. Na ndani yake mmeketi binadamu mwenye hofu, awe wa upande huu au wa upande ule wa vita.

Filamu hiyo haikupata bahati mwanzoni. Kampuni ya Clover iliyoidhamini ilikuwa ikiunda vitu vya kuchezea vya watoto wadogo, na watoto wadogo hawakuielewa hadithi ile. Sehemu 52 zilizokusudiwa zikakatwa, zikabaki 43, na mnamo Januari 1980 pazia likashushwa. Yamkini leo hakuna ambaye angeikumbuka, lau kampuni nyingine, Bandai, isingetoa mwezi wa Julai mwaka huo huo kisanduku kidogo cha bei ya yeni 300. Ndani yake hamkuwa na roboti. Mlikuwa na vipande vya roboti.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa maana kiini cha hoja yangu kimo katika tofauti hiyo. Mtu akifungua kisanduku cha namna hii hukuta fremu bapa za plastiki, na katika fremu hizo vipande vimening'inia kama maembe mtini: bega, goti, kiganja, nusu ya kichwa, kila kimoja na nambari yake. Kuna na karatasi ya maelekezo. Kazi ya mnunuzi ni kukikata kila kipande kwa koleo, kukisugua kwa tupa na msasa pale kilipokatwa, na kukiunga na mwenzake. Roboti inayodhaniwa kuwa na urefu wa mita 18 hutoka mezani ikiwa na sentimita 12 na nusu, kwa sababu kipimo chake ni moja kwa 144. Kwa kipimo hicho binadamu mzima hufikia milimita 12 tu, chini ya kucha ya kidole gumba. Mtoto aliyezoea kuchezea jitu lisilo na kipimo chochote alipewa, kwa yeni 300, ulimwengu wenye hesabu zake.

Vile visanduku vya mwanzo vilikuwa duni, tuseme kweli. Gundam ya 1980 ilitoka katika kalibu ikiwa nyeupe tupu. Ilihitaji gundi, nayo rangi zake, ile buluu ya kifua na ile nyekundu ya tumbo na miguu, zilimtaka mnunuzi azipake mwenyewe. Magoti yalikunja kidogo tu. Lakini upungufu huo ndio uliofunza kizazi kizima kushika brashi. Mnamo 1982 ari ilikuwa imepanda hata watoto wakakanyagana kwenye ngazi za umeme za duka moja katika mkoa wa Chiba, wakigombania visanduku, na baadhi yao wakaumia. Tangu wakati huo plastiki imetengenezwa kwa rangi mbalimbali, gundi imekuwa si lazima, na yameuzwa zaidi ya masanduku milioni 700.

Mimi niliyajua haya nilipoishi Osaka kwa mwaka mmoja, nikifanya utafiti miongoni mwa watu wanaofundisha Kiswahili huko. (Asishangae msomaji. Kiswahili kina makao yake katika Chuo Kikuu cha Osaka, nao wanafunzi wao huipanga ngeli ya ki-vi vizuri kuliko baadhi ya wanahabari wetu.) Jumamosi nilikuwa nikitembea katika mtaa wa Nipponbashi, kwenye maduka ya vyombo vya umeme na ya vitu vya kuchezea. Katika duka moja la mitumba niliwakuta wanaume wazima waliovaa suti, wamechutama mbele ya vikapu vya mifuko ya nailoni. Mifuko ile ilikuwa na mabaki: mikono isiyo na miili, miguu isiyo na wenzake, vichwa vilivyopakwa rangi na mtu asiyejulikana. Mmoja alikuwa akipima mkono wa kushoto dhidi ya bega alilolitoa mfukoni mwake. Sikumwelewa. Mimi nilinunua masanduku tisa mapya, nikayafunga vizuri, nikarudi nayo Nairobi yakiwa hayajafunguliwa, nikayapanga kabatini.

Wajapani wana neno la kuwataja watu wa aina yangu wakati ule. Modeli zilizorundikwa bila kuundwa huitwa "tsumipura". Ni neno la kujicheka, kama vile sisi tunavyomcheka mwalimu anayenunua vitabu kila mwisho wa mwezi na kuvisoma mwaka wa kustaafu.

Likizo ya Desemba, mpwa wangu wa gredi ya nane alikuja kukaa nasi. Ripoti aliyotoka nayo shuleni ilisema hana utulivu. Mimi nilikuwa safarini kwa siku kumi na moja kusahihisha mitihani. Niliporudi, nilikuta sanduku la Zaku liko wazi juu ya meza ya jikoni, fremu zimekatwakatwa, na Zaku mwenyewe amesimama pasipo bunduki wala shoka lake. Ngao ya begani alikuwa ameing'oa. Mgongoni, penye tundu la kushikia silaha, palitoka waya uliopinda hadi kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili.

Nilimkemea. Nasema hivyo kwa haya, maana maneno niliyoyatumia hayakumstahiki mtoto. Nilitaja bei ya sanduku lile, nikataja safari ya Osaka, nikasema ameharibu. Yeye akainamisha kichwa, akanijibu polepole: "Mjomba, nilidhani vimekaa sana havina mwenyewe."

Jioni, baada ya hasira kupoa, niliuchukua mkokoteni ule nikautazama chini ya taa. Ulikuwa umetengenezwa kwa zile fremu zilizobaki baada ya vipande kukatwa, vitu ambavyo mimi ningevitupa. Kamba za kufungia mizigo zilikuwa nyuzi nyembamba za kijani. Nilimwuliza amezipata wapi. Akanieleza kwamba alishika kijiti cha fremu juu ya mwali wa mshumaa hadi kikalainika, kisha akakivuta taratibu kwa mikono miwili mpaka kikawa uzi. Hakuna aliyemfunza. Mafundi wa Japani hufanya hivyo hivyo ili kupata nyaya na antena za modeli zao, na wanacho hata jina chake. Kisha akanionyesha jambo lililonishinda mimi kuligundua kwa miaka yote niliyoyahifadhi masanduku yale: vijiti vingi vinavyounga silaha na mapambo vina unene wa milimita 3, na matundu ni yayo hayo, hata katika masanduku tofauti. "Kwa hivyo, Mjomba, kila kitu chaweza kukubaliana na kila kitu, ukijua mahali pa kukata." Ubavuni mwa bega la kulia palikuwa na kovu. Hapo ndipo alipokata vibaya siku ya kwanza, akalazimika kupitisha waya ndani ili mkono usianguke.

Wajapani huiita kazi hiyo "kaizo", yaani kukiunda upya kilichokwisha kuundwa. Wapo wanaokata paja na kuongeza milimita mbili za plastiki ili modeli ya zamani iliyokaa kama kibeti ipate mwendo wa kijeshi. Wapo wanaochukua kichwa cha modeli hii na kifua cha ile, wakajaza mianya kwa lipu maalumu na kusugua mpaka kiungo kisionekane. Mnamo 1981 kilichapishwa kitabu kizima cha kazi za watu wa namna hiyo. Mwaka uliofuata ilianza hadithi ya vibonzo iitwayo Plamo-Kyoshiro, inayowahusu watoto wanaoshindanisha modeli walizozibadilisha wenyewe. Ndani yake mlikuwa na Gundam iliyovikwa deraya nzito, ambayo haikuwamo kamwe katika filamu. Watoto waliipenda hata mnamo 1984 Bandai wakaitengenezea kalibu na kuiuza dukani. Jambo lililoanza kama ukiukaji wa maelekezo likapewa maelekezo yake.

Hapa ndipo mwanaisimu ndani yangu alipoamka, na akaamka akiwa na aibu. Kwani si jambo hili ninalolifundisha kila mwaka? Jina lenyewe la modeli hizi ni kaizo. Wajapani walichukua "Gandamu", wakachukua na "puramoderu", ambalo nalo wamelifupisha kutoka maneno mawili ya Kiingereza ya modeli za plastiki, wakakata kila moja kwa mapigo mawili na kuyaunga: "ganpura". Herufi n katikati huhesabiwa pigo kamili, jinsi ile m ya "mtu" inavyojitegemea katika mizani ya ushairi wetu. Kwa kalibu hiyo hiyo wametoa "pokemon", wakatoa na "pasokon", ambayo ni kompyuta ya mtu binafsi.

Nasi je? Kwa Waarabu tulipokea "kitab", ambalo mzizi wake ni zile konsonanti tatu k, t na b, na wingi wake ni "kutub". Mswahili wa kale alisikia mwanzo wa neno ukifanana na kiambishi chake cha ki-, akakata papo hapo, akapata "vitabu", kisha akajasiri akaunda na "kijitabu". Kwa mizani ya sarufi ya Kiarabu hilo ni kosa lisilosameheka. Ndugu zetu wa Tanzania walilitenda jambo hilo hilo kwa amri ya Kiingereza ya kumtaka dereva ashike kushoto: wakapata kipilefti kwa maana ya mzunguko wa barabarani, na vingi vikawa vipilefti. Lakini angalia, msomaji, hakuna aliyekata ovyo. Kisu kilipita penye kiungo, na kiungo hicho ni cha Kiswahili. Asiyejua ngeli zake asingeweza kukosea vizuri namna hiyo.

Walimu wenzangu watanilaumu kwamba nawafungulia wanafunzi mlango wa kuandika wapendavyo. La, hasha. Kovu la bega la Zaku lipo, na mpwa wangu analijua kuliko mimi. Ninachokiuliza ni hiki: insha ya mwanafunzi ikija mbele yetu ikiwa na neno au umbo ambalo halimo katika maelekezo, je, huwa tunatazama alikata wapi? Au kalamu nyekundu hupita tu, kama ulimi wangu ulivyopita jioni ile? Nimewahi kumnyima alama mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa kitenzi alichokinyambua kutoka nomino ya mtaani. Niliporudi kukipima baadaye, nilikuta viambishi vyote vimekaa mahali pake. Mtihani ulikuwa umekwisha, na matokeo yalikuwa yamebandikwa.

Na tusidanganyane kuhusu kuunda vitu shuleni. Mtaala wa CBC unawataka watoto watengeneze vifaa kwa mikono yao, jambo jema kabisa, lakini kila mzazi anajua ni nani hukesha akikata makaratasi usiku wa kuamkia siku ya kupeleka mradi. Mtoto hulala. Mpwa wangu aliyeandikiwa kwamba hana utulivu alikaa siku kumi na moja na koleo, msasa na mshumaa, na mama mwenye nyumba ananiambia ilibidi aitwe mara tatu ndipo aje kula.

Nilimwuliza kwa nini mkokoteni, mbona asimwachie Zaku shoka lake. Akasema vita vikiisha, mitambo yote hiyo itahitaji kazi, na kwamba pale Gikomba wavuta mikokoteni huinama vivyo hivyo. Kiuno cha modeli hakikunji sana, kwa hiyo alisugua ukingo wa sketi yake ya chuma mpaka ukampa mwinamo autakao.

Masanduku manane yaliyosalia yangali kabatini, ingawa sasa mlango hauna kufuli. Likizo hii mpwa wangu amerudi na tayari ameliulizia lile la Gundam nyeupe, ghali kuliko yote. Anataka kuifanya kondakta wa matatu, mkono mmoja umeshika mlango na mguu mmoja uko nje. Nimemwambia asome karatasi ya maelekezo mwanzo hadi mwisho, kisha aje anionyeshe viungo vilipo. Koleo nimemwachia mezani.