Jani linalolikwepa jua la utosi

Shamba la maharagi kwenye miinuko ya Fizi, Kivu ya Kusini, hubadilika sura ifikapo saa sita mchana. Asubuhi majani yalikuwa yametandazwa, yamelielekea jua. Sasa yamesimama kwa ukingo, shamba limepauka na udongo unaonekana kati ya mistari. Wengi husema yamenyauka, na mwenye ndoo hukimbilia maji. Lakini shika kikonyo: kimekaza. Jani halijalegea, limegeuzwa tu, na aliyeligeuza ni mmea wenyewe. Jani la maharagi lina vipande vitatu, na pale kila kipande kinaposhikana na kikonyo pana kifundo kilichovimba, cha milimita chache. Ndani yake seli za upande mmoja hupokea potasiamu, maji yakafuata, zikatuna. Za upande wa pili hupoteza vyote viwili, zikasinyaa. Kipande cha jani kikazunguka. Majaribio yameonyesha kwamba kifundo chenyewe ndicho kinachohisi mwanga, hasa ule wa buluu. Charles Darwin na mwanawe Francis waliieleza tabia hii ya kuligeuzia jua ukingo katika kitabu chao cha mwaka 1880 juu ya mwendo wa mimea, na bado watu huichukulia kama ugonjwa.

Mmea unakimbia nini, ikiwa jua ndilo chakula chake? Unakimbia ziada. Mji wa Baraka, huko Fizi, uko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: siku za mwanzo za Oktoba, na tena karibu na tarehe 9 Machi. Ni majira yaleyale ambapo mbegu za msimu A na za msimu B, misimu miwili ya kupanda, zimetoka tu kuota, zikiwa na majani mawili matatu na hakuna kinachozifunika. Jani la maharagi hushiba kwenye nusu hivi ya mwanga wa adhuhuri isiyo na wingu. La kahawa hushiba kwenye theluthi, au hata pungufu. Klorofili haijui kukataa. Huendelea kunasa mwanga hata pale utengenezaji wa sukari umeshafika kikomo, na nguvu isiyo na kazi huiangukia oksijeni, ambayo ikichochewa hivyo hushambulia kila inachokigusa. Kinachoumia kwanza ni protini moja iitwayo D1, iliyo kwenye kiini cha mtambo wa kupasua maji. Jani huing'oa na kuiunda upya mchana kutwa. Matengenezo yakizidiwa na uharibifu, jani hupauka, huwa manjano, kisha hutoka mabaka meupe yaliyokauka. Kabla ya kufika huko lina kinga nyingine. Ndani ya dakika chache hubadili rangi moja ya manjano iliyo ndani yake kuwa nyingine, zeaksanthini, ileile inayozipa punje za mahindi ya manjano rangi yao, na kwa msaada wake nguvu ya ziada hutolewa kama joto tupu. Kloroplasti nazo husogea ndani ya seli, zikajipanga kwenye kuta za pembeni na kukingana jua.

Atasema mtu kwamba tatizo si mwanga bali maji, kwa kuwa mahali penye jua kali pana ukame pia. Ana nusu ya ukweli. Mtafiti Mabrouk El-Sharkawy, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha CIAT nchini Kolombia, alionyesha kwamba muhogo hufunga vitundu vya majani yake hewa inapokauka, hata kama udongo una maji ya kutosha. Vitundu vikifungwa, hewa ya kaboni haiingii, utengenezaji wa sukari hupungua, na mwanga ambao saa tatu asubuhi ulikuwa wa kiasi huwa sasa ni ziada. Kwa hiyo ukame hauipingi hoja ya mwanga, huizidisha, na ndiyo sababu majani ya sombe huonekana yameinama mchana kati na kuinuka tena jua likipoa. Kutofautisha si kazi kubwa: tazama shamba saa mbili asubuhi. Mmea ambao majani yake bado yamelegea saa hiyo una kiu kweli. (Usiku maharagi hukunja majani kwa sababu nyingine, kwa hiyo usiyapime gizani.)

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kivuli hupunguza mavuno, kila mkulima anajua. Kwa mahindi ni kweli, na kwa lengalenga pia, maana mimea hii ina njia ya kukusanya hewa ya kaboni ambayo karibu haishibi mwanga. Mpunga wa mabondeni nao hauhitaji mti juu yake. Lakini tazama jinsi mpunga ulivyoboreshwa: aina ya IR8, iliyotolewa na taasisi ya IRRI huko Ufilipino mwaka 1966, ilikuwa fupi na yenye majani yaliyosimama wima, ili majani ya juu yasijishibishe yakayaacha ya chini na njaa. Watafiti walichagua kwa makusudi umbo ambalo maharagi hulitafuta yenyewe kila adhuhuri. Kahawa ndiyo inayoonyesha upande wa pili wa hesabu. Arabika ni mti wa chini ya msitu, asili yake Ethiopia. Ikiwekwa juani wazi bila mbolea nyingi huchanua kupita kiasi, haina namna ya kukataa kuzaa, na matunda hunyonya wanga wa matawi na mizizi. Mwaka huo mwenye shamba la Idjwi au Kalehe hushangilia, unaofuata matawi yanakauka kutoka nchani. Anayepima kivuli kwa mavuno ya mwaka mmoja anapima vibaya.

Kinga ya jani ina gharama yake pia, nayo ni kuchelewa kuzimika. Wingu likipita juu ya shamba, mwanga hushuka ghafla, lakini jani huendelea kwa dakika kadhaa kutupa kama joto nguvu ambayo sasa ingefaa kuwa sukari. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliongeza kazi ya jeni tatu kwenye tumbaku ili kinga izimike upesi, na mimea ikazidi uzito kwa karibu asilimia 15 shambani. Mwaka 2022 wenzao walitangaza soya iliyozidi hadi asilimia 33 katika msimu mmoja. Msimu wa pili mvua iliyalaza mashamba na ziada hiyo haikuonekana wazi. Ni kazi nzuri, ila mbegu hizo hazitafika Fizi kesho, na kivuli kilikuwa tayari hapa.

Kilikuwa, nasema, kwa sababu kinakatwa. Baraka imepanuka, kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015, wenyeji na wakimbizi wote wanapika kwa makala, na mti uliosimama peke yake shambani ndio wa kwanza kuangushwa, kwa hoja kwamba unazuia jua. Michikichi, yenye kivuli chepesi kinachopitisha mwanga kwa vipande, huachwa kwa sababu ya mawese tu; ingekuwa haizai ingeshakwisha. Wa kueleza haya wapo: Kivu ya Kusini ina kituo cha utafiti wa kilimo, INERA Mulungu, mrithi wa INEAC, taasisi ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1933, lakini kutoka Mulungu hadi Fizi ni mbali kwa barabara na mbali zaidi kwa elimu.

Kwa mwenye haraka: miche ya nyanya na biringanya ihamishwe jioni, kitalu kifunikwe kwa matawi ya mchikichi, yapunguzwe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili ili majani yazoee, kitalu cha kahawa hivyohivyo, pilipili zisivuliwe majani yote, matunda yataungua, mihogo michanga isiwekwe kwenye udongo ulioachwa uchi. Lengalenga haihitaji lolote kati ya haya.