ULIZA KABLA YA DAWA YA KWANZA

Kansa na haja ya kupata watoto



Katika vijiji vyetu vya pwani, kutoka Mapinga, Kerege na Mlingotini hadi Kaole na Bagamoyo mjini, watu huitaja kansa kwa sauti ya chini. Wengine huiita saratani. Lakini liko swali ambalo hata kwa sauti ya chini haliulizwi: Je, mtu akitibiwa kansa, ataweza kuzaa tena?

Swali hili lisipoulizwa huleta hasara mbili. Kwanza, wako wagonjwa wanaoambiwa mitaani kwamba wakienda hospitali watakaushwa kizazi. Wanaogopa na kujificha nyumbani. Kansa nayo inakua. Pili, wako wanaotibiwa na kupona, kisha hawapati mtoto, na hakuna aliyewaeleza mapema. Ndoa nyingine huvunjika kwa sababu hiyo.

Kansa hutibiwaje?

Mgonjwa wa huku kwetu huanzia zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Ikibidi, hupewa barua ya rufaa. Wengi hupelekwa Dar es Salaam, safari ya kilometa 70 hivi, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mahali hapo pamekuwa hospitali tangu wakati wa Wajerumani, na mwaka 1996 Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya taasisi ya kansa. Njia kubwa za tiba ni tatu, na kila moja inagusa uzazi kwa namna yake.

1. Kupasuliwa. Daktari hukata sehemu yenye kansa. Mji wa mimba ukiondolewa wote, mwanamke hawezi kubeba mimba tena. Lakini kansa ya mlango wa kizazi ikigunduliwa mapema sana, huenda daktari akakata kipande cha mlango tu na kuuacha mji wa mimba.

2. Mionzi. Mionzi huchoma kansa. Ikipigwa chini ya kitovu, huua mayai ya mwanamke na kuudhoofisha mji wa mimba. Kwa mwanamume, huharibu mbegu katika korodani. Mionzi ya titi au ya shingo haifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

3. Dawa. Nyingi hutiwa mshipani kwa dripu. Baadhi ya dawa hizi hupunguza mayai au mbegu, nyingine hazidhuru sana. Mwanamke kijana hubakiwa na mayai mengi kuliko aliyepita miaka 40.

Basi ni uongo kusema kwamba kila anayetibiwa kansa hukauka kizazi. Na ni uongo pia kusema kwamba hakuna anayedhurika. Inategemea kansa, tiba na umri. Ndiyo maana ni lazima kuuliza.

Yako mambo yanayoweza kufanywa

Mwanamume anaweza kutoa mbegu zake zikagandishwa kwenye baridi kali, zikatumika baadaye. Kazi hiyo huchukua siku chache. Mwanamke anaweza kutolewa mayai yakagandishwa. Hiyo huchukua kama wiki mbili. Daktari mpasuaji anaweza pia kuvisogeza vifuko vya mayai mbali na mahali patakapopigwa mionzi. Korodani nazo zinaweza kukingwa kwa risasi, ile madini nzito, wakati wa mionzi.

Huduma ya kugandisha haipo katika zahanati, tena ni ghali. Si kila mtu ataimudu, na si kila kansa inaweza kungoja wiki mbili. Lakini yote haya hupangwa kabla ya tiba. Tiba ikishaanza, nafasi huwa imepungua au imekwisha.

Nani aanze kusema?

Daktari ana wagonjwa wengi, na kwanza anawaza kuokoa uhai. Akimwona mama mwenye watoto wanne, anadhani ametosheka. Akimwona kijana asiyeoa, anadhani hana haja hiyo bado. Mgonjwa naye anaona haya. Anasema moyoni, "Lingekuwa muhimu, daktari angeniambia." Hivyo kila mmoja anamngoja mwenzake, na siku ya dripu inafika.

Usingoje. Sikiliza mfano huu wa mazungumzo:

Mgonjwa: Shikamoo, daktari.

Daktari: Marahaba, mama.

Mgonjwa: Nina swali kabla hujaniandikia dawa. Nina mtoto mmoja, na tunataka wengine. Dawa hii itanizuia kuzaa?

Daktari: Yawezekana. Hupunguza mayai. Lakini wewe una miaka 26, huenda mengine yakabaki.

Mgonjwa: Iko njia ya kuyalinda?

Daktari: Iko, ila inataka muda na fedha. Kwanza tuone kama kansa yako inaweza kungoja.

Mgonjwa: Na kama haiwezi?

Daktari: Tutaanza tiba, maana uhai ni wa kwanza. Lakini utaanza ukiwa unajua.

Mama huyu hakumkosea daktari adabu. Ameuliza haki yake.

Wewe unayejua kusoma na kuandika, chukua daftari. Andika maswali yako nyumbani, uende nayo. Ukiona haya, mwombe mganga wa zahanati aandike katika barua ya rufaa: "Mgonjwa bado anataka kuzaa." Ukiona haya mbele ya daktari mwanamume, omba kusema na muuguzi mwanamke. Msichana ambaye hawezi kusema haya mbele ya baba au mama mkwe, aende na somo wake au shangazi. Mume na mke waende pamoja.

Kwa wanaume

Mwanamume aliyetibiwa kansa asipopata mtoto, mara nyingi mke ndiye hulaumiwa. Si haki. Mbegu ndizo huenda zimeharibika. Tena kukosa mbegu si kukosa nguvu za kiume.

Wakati wa tiba na baadaye

Usishike mimba, wala usimpe mke wako mimba, wakati wa tiba. Dawa na mionzi vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Damu ya mwezi ikikatika, usidhani huwezi kushika mimba. Tumieni kinga. Mwenye kansa ya titi asitumie vidonge wala sindano za majira bila kumwuliza daktari. Kama una mimba tayari, sema mapema.

Wako wanawake wenye kansa ya titi wanaomeza vidonge kwa miaka mitano au zaidi. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 500 katika nchi mbalimbali. Walisimamisha vidonge kwa muda, chini ya uangalizi wa daktari, ili wazae. Katika miaka michache iliyofuata, kansa haikuwarudia zaidi ya wengine. Lakini wewe usiache dawa kwa amri yako.

Kumbuka

- Usiikimbie tiba kwa kuogopa kukosa mtoto. Kansa isiyotibiwa huua.
- Kansa ikigunduliwa mapema, huenda tiba ikawa ndogo na kizazi kikabaki. Mwanamke wa miaka 30 hadi 50 aende kupimwa mlango wa kizazi. Mpimaji hupaka siki nyepesi na kutazama.
- Uliza kabla ya dawa ya kwanza, si baada ya ya mwisho.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini daktari na mgonjwa hungojana?
2. Katika kijiji chenu, msichana mgonjwa anaweza kumwambia nani habari za uzazi?
3. Andika maswali matatu ambayo mgonjwa wa kansa anapaswa kumwuliza daktari.